Fungo Aliyeacha Kunuka

Paukwa!

"Pakawa!"

Hiyo ndiyo pakawa? Mmeitika kama watu walionyimwa chakula. Na nyinyi wakubwa mliokaa huko nyuma nimewaona, mmefunga midomo mkidhani hadithi ni ya watoto peke yao. Hii ni ya watoto na ya baba zao. Wote waitike. Paukwa!

"Pakawa!"

Haya. Sasa nimesikia watu.

Hapo kale, kale ya zamani kabisa, mimi sipo, nyinyi hampo, nyanya wa nyanya zenu hajaota hata jino, palikuwa na kichuguu. Kichuguu kikubwa, chekundu, kikavu. Mchwa wake walishahama. Ndani yake wakahamia nguchiro.

Mnamjua nguchiro? Mrefu wa kiwiliwili, mfupi wa miguu, mgongo una mistari. Hatulii. Akisimama ananusa. Akitembea ananusa. Akilala, pua yake iko macho. Macho anayo, lakini ni ya kupambia uso tu, kazi yote inafanywa na pua. Dudu limelala chini ya udongo, halionekani, halisikiki. Nguchiro anapita juu yake, fu! fu! fu! Anasimama. Anachimba, chaka chaka chaka! Anakula. Nyoka yuko nyuma ya jiwe, nguchiro anajua. Yai liko ndani ya majani, nguchiro anajua.

Na adui je? Adui ndiye anayenuswa kwanza.

Adui mkubwa wa kichuguu kile alikuwa Fungo. Fungo yule wa madoadoa, mwenye weusi machoni kama aliyepaka wanja, mpole wa sauti. Fungo alipenda sana watoto wa nguchiro. Aliwapenda kwa chumvi na ndimu. Lakini Mungu alikuwa amempa harufu. Zabadi, mafuta yake makali ya kunuka! Yeye bado yuko ng'ambo ya mto, harufu yake imeshafika kichuguuni, imekaa inamsubiri. Mtoto wa nguchiro aliijua harufu hiyo kabla hajafungua macho. Kwa hiyo Fungo alibahatika mara chache tu, na njaa yake ilikuwa ya miaka.

Kila asubuhi nguchiro wakubwa walitoka kutafuta riziki. Watoto wachanga walibaki ndani. Mlangoni alibaki kijana mmoja, mwenye pua kali kuliko wenzake, naye aliitwa bawabu. Akisikia harufu ya adui anapiga mluzi, fyuuuu! Watoto wanashuka chumba cha chini kabisa. Wakubwa wanarudi mbio. Na sheria ya kichuguu ilikuwa fupi: asiyesikia harufu ya adui hana nafasi hapa. Anatoka, na harudi.

Sasa sikilizeni vizuri. Nguchiro wale walikuwa na moto. Msiniulize waliutoa wapi, walikuwa nao tu. Walikuwa na tumbaku vilevile, na wazee wao walivuta viko.

Kwa nini wazee? Kwa sababu mzee alikuwa ameshamaliza kunusa. Amenusa maisha yake yote, amelisha wenzake, sasa amekaa, vijana wanamletea. Pua ya nini tena? Anavuta. Moshi ukimtoka puani ni kama anasema: mimi ni mkubwa, mimi huletewa. Ukienda barazani huna kiko, hakuna anayekusikiliza. Wanakutazama, wanacheka. "Wewe bado unanuka maziwa."

Na mzee hakujiwashia kiko mwenyewe. Aibu! Mzee aliita kijana. "Niwashie!" Kijana huyo, mbio mpaka motoni. Anaweka kaa juu ya tumbaku. Na kiko hakishiki bila kuvutwa, basi anavuta kidogo, pfu, pfu, pfu, kinashika. Anakipeleka kwa mikono miwili, anapiga goti.

"Shikamoo babu. Kiko chako."

"Marahaba. Jamani, huyu mtoto ana adabu!"

Mmesikia? Hiyo iliitwa adabu.

Katika kichuguu kile palikuwa na kijana, jina lake Msabaha. Pua ya Msabaha ilikuwa gumzo. Angeweza kukwambia jana ulikula nini na ulimnyima nani. Mama yake, Bi Mwaka, alikuwa na watoto wawili tu waliobaki hai: Msabaha, na kitindamimba chake, Kidawa, ambaye hata tumbo lake lilikuwa bado halijaota manyoya. Wengine wote waliozaliwa kati yao, Fungo na mwewe waliwamaliza.

Msabaha alimpenda yule mdogo wake. Alimbeba mdomoni, alimlamba masikio, alimwimbia. Na alikuwa na neno moja alilolirudia kila siku.

"Mama, nikipewa ubawabu, Kidawa atalala bila hofu. Fungo hapiti. Hata nzi hapiti bila kuniamkia."

"Amina, mwanangu," husema Bi Mwaka. "Nimechoka kulia."

Basi hicho ndicho alichokitaka Msabaha. Mlango ule, na Kidawa salama nyuma yake. Kishikeni kichwani.

Baba yake Bi Mwaka alikuwa Babu Kombo, mkuu wa baraza. Kiko chake kilikuwa kirefu kuliko mkia wake. Babu Kombo alimpenda Msabaha kwa pendo la kweli, simsingizii. Akipata mnofu mzuri anamkatia. Akiwa na hadithi anamwita. Na kwa kuwa alimpenda, hakumtuma mjukuu mwingine yeyote.

"Msabaha! Niwashie!"

Asubuhi, niwashie. Mchana, niwashie. Jua linakuchwa, niwashie. Msabaha anavuta, pfu, pfu, pfu. Mwanzoni alitema, akakohoa, machozi yakamtoka, na wazee barazani wakacheka mpaka wakashika mbavu. "Kaza moyo, mwanaume! Utazoea!"

Naye akazoea.

Sasa Msabaha alikuwa na rafiki yake wa rika moja, Mbaruku. Mbaruku alikuwa na maneno. Siku moja vijana wamekaa mtoni, Mbaruku akasema, "Msabaha, ukimwashia babu yako, moshi unaumeza au unautema?"

"Nautema."

"Basi wewe hujavuta. Wewe unawavutia wenzako. Punda wa moshi!"

Vijana wakaangua kicheko, kwa kwa kwa! Mbaruku akatoa kipande cha tumbaku alichokidokoa barazani, akakisokota kwa jani, akavuta, akatoa moshi puani kama mzee kabisa. Wakaanza kuimba. Nisaidieni kuitikia, nanyi mnaitikia "Pfu!"

*Moshi juu, moshi juu!*
Pfu!
*Jana mdogo, leo mkuu!*
Pfu!
*Wasiovuta warudi kwao!*
Pfu!
*Wakanyonye na wenzao!*
Pfu!

Wote wanaimba. Wote wanamtazama yeye. Msabaha akaangalia nyuma, njia ya kurudi nyumbani ipo. Lakini akirudi, kesho atakaa na nani? Nyinyi mnaosema "mimi ningekataa," nyamazeni kwanza. Mmewahi kuimbiwa wimbo mkiwa peke yenu upande mmoja, na marafiki zenu wote upande wa pili? Inauma. Msabaha akachukua msokoto, akameza moshi. Dunia ikazunguka, gwii! Akaanguka chali. Wakamshangilia kama bwana harusi.

Siku ile aliporudi, Bi Mwaka akamnusa shingoni. Fu! fu!

"Mwanangu, unanuka moshi."

"Nimemwashia babu, mama."

Bi Mwaka aseme nini? Kweli alimwashia. Kila mtu alimwona. Kumwashia babu ni adabu. Akaendelea kumnyonyesha Kidawa. Moyo wake haukutulia, lakini alinyamaza.

Twende ng'ambo ya mto. Fungo amelala kichakani, tumbo limegusana na mgongo. Anatazama kichuguu. Siku hiyo upepo ulimgeukia, ukaichukua harufu yake yote ukaimwaga barazani kwa wazee, mbali na bawabu. Fungo akajisemea, "Nimekwisha, sasa hivi watapiga mluzi." Akasubiri. Kimya. Babu Kombo amekaa palepale, anavuta, hata sharubu hazikutikisika. Wazee wengine wanavuta, wanapiga soga. Aliyeruka ni mtoto mdogo aliyekuwa akicheza karibu nao. Alipiga kelele, "Fungo! Fungo!" Na wazee wakamwambia, "Nyamaza wewe, wakubwa wanazungumza."

Fungo akakaa kitako. Akatazama viko. Akatazama moshi. Akatabasamu.

Kesho yake vijana wako mtoni. Mara, harufu! Wote wakasimama wima, manyoya yamewasimama.

"Fungo!"

"Ndiyo, ni mimi," akasema Fungo kutoka ng'ambo, sauti laini kama mafuta. "Msikimbie. Sijavuka. Nimekaa kwetu, nawatazama tu. Nilikuwa nikijiuliza, hawa wazee waheshimiwa wametoka kichuguu gani?"

"Sisi si wazee," akasema mmoja.

"Si wazee? Na moshi ule? Jamani! Mimi niliona wakubwa." Akatikisa kichwa. "Lakini mbona mnavuta vijipande vya kuokota? Wakubwa kama nyinyi! Chukueni." Akarusha furushi, likavuka maji, likaanguka mchangani, pu! Tumbaku safi, ya kunukia.

"Unataka nini?" akauliza Msabaha.

"Mimi? Sitaki kitu, kaka. Nafurahi tu kuona vijana wanajua kuishi."

Akaondoka zake. Vijana wakatazamana. Yeye yuko kule, furushi liko huku. Kuna ubaya gani? Wakalichukua.

Siku nyingine Fungo akaja tena, akakaa ukingoni kabisa mwa mto. Akarusha furushi, pu! Mbaruku akanusa. "Leo harufu yake ni ndogo."

Siku nyingine tena akavuka nusu ya mto, akakaa juu ya jiwe la katikati. Furushi, pu! Wakanusa. Wakanusa tena. Hakuna kitu.

"Fungo," akasema Msabaha, "mbona hunuki?"

Fungo akajitazama ubavu huu, akajitazama ubavu ule. Akasema kwa unyenyekevu, "Nimebadilika, kaka. Siku hizi nakoga kila asubuhi. Nimeacha mambo ya zamani."

Ah, watoto wa watu! Nguchiro amezaliwa anajua jambo moja: adui ananuka. Basi asiyenuka, si adui. Hesabu yao ndiyo hiyo, wamefundishwa hivyo na mama zao. Hakuna aliyewafundisha kwamba pua nayo hufa. Wakarudi nyumbani wakiwaambia wenzao, "Fungo ameacha kunuka! Fungo amekuwa mwema!" Na Fungo kule nyuma anacheka mpaka anajikunja. Hajawahi kukoga tangu azaliwe.

Msabaha akaanza kukohoa. Kho! Kho! Kwenye kutafuta riziki akawa anachimba pasipo na kitu. Dudu liko huku, yeye anachimba kule. Akashtuka kidogo. Akajisemea, ni mafua. Na Mbaruku naye ana mafua. Na yule naye. Mafua gani hayo yasiyoisha? Lakini kijana akiwa na wenzake wote wagonjwa, hujiona mzima.

Siku ya kumchagua bawabu ikafika. Desturi ilikuwa hivi: wazee wanafukia vitu mchangani, kijana anapita, anataja. Mzee mmoja akafukia, Babu Kombo akawa mwamuzi wa kunusa. Msabaha akapita. Fu! fu! Hasikii kitu. Fu! fu! fu! Hasikii.  Akamwona Kidawa mapajani kwa mama yake, anamtazama kwa macho yale madogo. Akainamisha kichwa, akaona mchanga umetifuliwa mahali, na kipande cha ganda kimechomoza.

"Hapa pana yai, babu."

Babu Kombo akainama. Fu, fu. Akakunja uso kama anayepima. Alikuwa anapima nini? Mzee wa watu naye hasikii kitu! Lakini mkuu wa baraza atasemaje mbele ya watu?

"Hmm," akasema. "Ndiyo. Yai. Nalisikia kabisa."

Wazee wote wakanusa. "Naam! Yai! Linanukia!"

Wakamshangilia. Msabaha akawa bawabu. Na Babu Kombo, kwa furaha, akamfanyia jambo ambalo hakuna bawabu aliyewahi kufanyiwa: akampa kiko chake mwenyewe cha akiba, akae nacho mlangoni. Bi Mwaka akasema, "Baba, mlangoni?" Babu akamjibu, "Mwanao amekuwa mkubwa, mwache akae kama mkubwa." Msabaha angeweza kusema pale pale, sisikii kitu.  Lakini kila mtu alikuwa anafurahi kwa ajili yake.

Asubuhi wakubwa wakatoka, wazee nao wakaenda barazani kwao. Kichuguu kikabaki na watoto, na Msabaha mlangoni, na kiko mdomoni. Pfu, pfu.

Fungo akavuka mto. Chubwi. Hakunyata hata kunyata. Akapanda mteremko, nda, nda, nda, upepo uko nyuma yake, harufu imemtangulia kama ngoma. Ndani ya kichuguu watoto wakaanza kulia. "Fungo! Fungo! Kaka Msabaha, Fungo!"

Msabaha akanusa. Fu! fu! fu! Hakuna. "Nyamazeni," akawaambia. "Hakuna Fungo. Mimi ndiye bawabu."

"Kaka, ananuka!"

"Nimesema hakuna!"

Kidawa hakusubiri. Mtoto akiogopa hukimbilia kwa anayempenda. Badala ya kushuka chini na wenzake, akapanda juu, anajikongoja kwa vile vijiguu, anamfuata kaka yake mlangoni. Akatokeza kichwa. Na kivuli kikawaangukia wote wawili.

"Habari za asubuhi, mkubwa," akasema Fungo.

Akamdaka Kidawa.

Msabaha akavuta pumzi apige mluzi. Fyu... kho! Akavuta tena. Fy... kho! kho! kho! Mluzi hautoki. Moshi umekaa pale palipokuwa na mluzi. Basi akatupa kiko, akamrukia Fungo, akamng'ata mguu wa nyuma, akaning'inia. Fungo anakimbia, yeye ananing'inia. Anaburuzwa kwenye mawe, ananing'inia. Anagongwa kwenye visiki, ananing'inia. Pua haikuwepo, sauti haikuwepo. Meno yalikuwepo.

Wakubwa wakasikia watoto wanalia. Hawakusikia mluzi, walisikia kilio. Bi Mwaka ndiye aliyefika wa kwanza. Aliponusa upepo alipiga ukelele ambao sitauiga hapa, maana kuna watoto wadogo. Nguchiro wote wakajikusanya wakawa kitu kimoja, wakamvamia Fungo kutoka kila upande, whaa! Fungo akamtema Kidawa, akajitosa mtoni, akavuka anachechemea.

Kidawa alikuwa hai. Mguu mmoja wa nyuma ulikuwa umesagika. Alikuwa hai, lakini hakutembea sawasawa tena maisha yake yote.

Baraza likakaa siku ileile. Viko vikawashwa, kama kawaida. Msabaha akasimamishwa katikati, manyoya yana damu.

"Adui alipita mlangoni," akasema mzee mmoja. "Bawabu hakumsikia. Sheria ipo."

"Sheria ipo," wakaitika wazee. "Atoke!"

"Ni kweli," akasema Msabaha. "Sikumsikia. Sisikii harufu siku nyingi. Niliona haya kusema. Nitoke tu." Kho! kho!

Babu Kombo akafumba macho. Mjukuu wake mpenzi. Nguchiro akiwa peke yake nyikani hamalizi wiki, na yeye alilijua hilo. Akasema kwa sauti ya chini, "Sheria ipo."

"Ngojeni," akasema Bi Mwaka.

Akaingia katikati, Kidawa mdomoni. Hakuwa na kiko. Mzee mmoja akaguna, "Huyu naye?" Bi Mwaka hakumjibu. Akamweka Kidawa mbele ya baba yake.

"Baba, huyu mtoto alikuwa ndani ya mdomo wa Fungo. Sijamlamba bado. Mnuse. Uniambie ananuka nini."

Babu Kombo akainama. Fu, fu.  "Ananuka... ananuka mtoto."

Akamsogeza kwa mzee wa pili. "Na wewe, mjomba?"

"Ananuka... damu, nadhani."

Kwa wa tatu. "Bi mkubwa?"

"Mimi nina mafua."

"Geukeni basi," akasema Bi Mwaka. "Watazameni watoto."

Wakageuka. Watoto wadogo wote walikuwa wamejibana ukutani, wamekumbatiana, wanalia. Walikuwa wanamkimbia Kidawa. Mwenzao wanayelala naye, wanamkimbia, maana alinuka Fungo kuanzia masikioni mpaka mkiani. Harufu ilijaa barazani pale. Na baraza zima lilikuwa limekaa ndani yake, linavuta, halina habari.

"Sheria inasema asiyesikia harufu ya adui atoke," akasema Bi Mwaka, na sasa machozi yanamtiririka. "Haya. Inukeni mtoke. Wewe baba, tangulia. Wajomba, fuateni. Mbaruku na wenzako, fuateni. Nitabaki mimi na hawa wachanga. Mtoto wangu alikuwa na pua kuliko nyinyi wote! Nani aliyemwekea kiko mdomoni? Fungo alirusha tumbaku, sawa, nimeambiwa. Mbaruku akamwimbia, sawa. Lakini alipofika kwa Mbaruku alikuwa ameshazoea. Nani aliyemzoesha?" Akafuta machozi. "Na mimi nilimnusa shingoni, nikajua, nikanyamaza. Nikaona haya kumwambia baba yangu. Niandikeni na mimi kwenye kosa hilo."

 Mzee mmoja akaweka kiko chake chini.

Babu Kombo akainuka polepole. Akamtazama Msabaha. 

"Nilikuwa nakuita wewe peke yako," akasema, "kwa sababu nilikupenda kuliko wote."

"Najua, babu," akasema Msabaha. "Ndiyo maana nilikuwa nakuja mbio."

Hapo mzee alilia. Alilia mbele ya baraza, na kiko kikamwanguka.

Msabaha hakufukuzwa. Nani angemfukuza? Baraza likakata shauri: kuanzia leo mtoto hatumwi kuwasha kiko. Barazani mtu husikilizwa kwa neno lake, si kwa moshi wake. Anayetaka kuvuta aende mbali, upande wa chini wa upepo, moshi usiwafikie wenzake, ajiwashie mwenyewe.

Msidhani ilikuwa rahisi. Babu Kombo alijaribu kuacha, akashindwa, akajaribu tena. Alikuwa mkali, anagombana na ukuta. Siku nyingine walimwona anakwenda zake peke yake kule chini ya upepo, mgongo umeinama, na hakuna aliyemcheka. Mbaruku alikuwa akilala, anaota anavuta, anaamka anatetemeka. Msabaha alikohoa kiangazi kizima. Akitaka kukata tamaa, Mbaruku anamkalia karibu. Mbaruku akitaka kukata tamaa, Msabaha anamkalia karibu. Wimbo ule hawakuimba tena.

Mvua za kwanza zilipoanguka, Msabaha alikuwa amelala. Akafungua macho. Kitu kimemgusa puani, hafifu, cha maziwa na majani. Akageuza kichwa. Alikuwa mama yake, amelala pembeni. Akamnusa, fu, fu, fu, mpaka akamwamsha.

"Una nini?" akauliza Bi Mwaka.

"Nakusikia, mama," akasema. "Nakusikia."

Miezi ikapita. Kidawa akaota manyoya, akajua kukimbia kwa miguu mitatu. Mchana mmoja baraza limekaa, yeye akaja katikati, anachechemea. Akaokota bua la nyasi. Akaliweka mdomoni. Akajiegemeza, akanyoosha mguu, akafumba jicho moja kama mzee aliyeshiba. Akapuliza. Pfuuu! Kisha akawatazama wakubwa, mmoja mmoja, akingoja wacheke.

Zamani wangecheka. Wangesema, "Jamani, kikongwe chetu!" Wangempigia makofi.

Hakuna aliyecheka. Kidawa akamtazama mama yake. Akamtazama kaka yake. Mdomo ukaanza kumtetemeka, hajui amekosa nini.

Babu Kombo akainuka. Mifupa ikalia, ka, ka, ka. Akaenda mpaka pale, akajishusha chini mpaka uso wake ukawa sawa na wa mtoto.

"Nipe hilo bua, mama yangu. Linafaa kazi." Akalichukua, akalichomeka mchangani. "Hapa chini pana nini?"

Kidawa akainamisha pua. Fu! fu! "Kwani wewe husikii, babu?"

"Mimi sisikii. Niliichezea pua yangu, na sasa nimezeeka nayo hivyo. Niambie wewe."

Kidawa akanusa tena, fu! fu! fu! Uso ukamchanua. "Dudu, babu! Nono! Limelala kichwa kule, miguu huku!"

"Tulichimbe?"

"Tulichimbe!"

Chaka chaka chaka! Mzee na mtoto, mchanga unaruka. Likatoka dudu nono, limelala kichwa kule, miguu huku. Kidawa akaligawa, kubwa la babu, dogo lake. Na Babu Kombo akainua kichwa, akaliambia baraza zima, kwa sauti kubwa, ili mtoto asikie:

"Mmemwona mkubwa huyu?"

Hapo ndipo wakacheka, ndipo wakapiga makofi. Kidawa akavimba kifua mpaka akayumba.

Sasa neno lenyewe ni hili, nalisema waziwazi asiwepo wa kusingizia kwamba hakuelewa. Kijana haendi kwenye moshi peke yake. Anasukumwa na rika lake, anavutwa na adui anayempa bure, lakini aliyemwonyesha njia mara nyingi ni yule anayempenda nyumbani, kwa kumtuma, kwa kumchekea, kwa kumfanya aamini kwamba ukubwa ni kuvuta. Basi wakubwa, angalieni mnachokichekelea. Vijana, mkiona jambo baya limeacha kunuka, msiseme limekuwa jema, semeni mmezoea. Na aliyeanguka msimfukuze, kaeni naye karibu mpaka pua yake irudi.

Hadithi yangu imekomea hapa, sina nyingine mfukoni. Iliyobaki si yangu, ni ya nyumbani kwenu. Mtoto aliyesikia akamuulize baba yake, kwa adabu, kama pua yake bado inasikia, na baba ajibu kweli.